TAHARIRI: HERUFI MOJA ISITUTIE HASARA

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu umeidhinisha fedha za kompyuta ya ofisi. Fedha hizo ni jasho letu, zimekatwa kwenye kilo zetu. Kwa hiyo kila mmoja wetu aelewe kinachonunuliwa.

Muuzaji mmoja ametushauri tuchukue na kadi ya picha ya peke yake. Hiyo ni ya watu wa sinema na michezo ya kompyuta. Sisi kazi yetu ni leja, stakabadhi na barua. Zipo prosesa zenye uwezo wa picha humo humo ndani, nazo zinatutosha kabisa. Tena tunaokoa umeme, maana kadi nayo inataka wake.

Lakini tahadhari, ndugu! Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, ina picha ndani. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina. Kwa Intel mambo ni kinyume: Core i5-12400 inayo, ila yenye F mwishoni, 12400F, haina. Tukinunua isiyo nayo, bila kadi kioo kitabaki cheusi.

Jambo jingine: picha za ndani huazima memori ya kompyuta. Afadhali vijiti viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha GB 16. Viwili hupitisha kazi upesi zaidi.

Tunaiomba Kamati isome herufi hizo kabla ya kulipa, na risiti ibandikwe hapa ubaoni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu jipya ndilo hili. Tulinunue macho wazi.