Mswada Si Rehani

Kuna woga unaoota mizizi katika vyuo vyetu, nami nauona ni hatari kuliko hata wizi wa kunakili kazi za wenzetu, ambao angalau tumekwisha kuununulia programu za kuubaini. Ni woga wa kuliogopa jarida. Mtafiti anapeleka mswada wake, anakaa miezi bila kujua kinachoendelea, anagundua njiani kwamba alikoupeleka si kwenye jarida bali kwenye duka la kuuza risiti. Anapoandika kuomba kuuondoa, anajibiwa kwamba lazima kwanza alipe. Na badala ya kukataa, analipa. Au, lililo baya zaidi, ananyamaza na kuuacha uchapishwe hukohuko.

Mhadhiri msaidizi mmoja wa hapa Arusha, kijana ninayemheshimu, aliandika kuhusu floraidi katika chemchemi za miteremko ya Mlima Meru. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Aliyekulia Maji ya Chai au Ngarenanyuki ameiona katika meno ya nduguze, yale madoa ya kahawia ambayo wageni hudhani ni uchafu, na pengine ameiona katika miguu ya mtoto wa jirani iliyopinda. Mlima wetu ni wa volkano, na maji yanayopita katika miamba yake huyeyusha madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo kadhaa vya ukanda huu huvuka kiwango hicho mara nyingi. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania yenyewe kiliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu ya kusikitisha kwamba vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa. Basi takwimu za chemchemi ipi inafaa na ipi haifai si pambo la wasifu wa mtu. Zina watu wanaozisubiri, hata kama hawajui kwamba wanazisubiri.

Jarida alilolipelekea, ambalo silitaji, lilimjibu kwa siku nne kwamba mswada umekubaliwa. Hakuna mpitiaji aliyeuliza swali hata moja. Pamoja na pongezi ilikuja ankara ya fedha iliyozidi mshahara wake wa mwezi, ada ambayo haikuwa imetajwa popote alipokuwa anaupakia. Alipoomba kuuondoa, akaandikiwa ankara ya pili: karibu nusu ya ile ya kwanza, kwa ajili ya kuuachilia. Hakuilipa, na mpaka ninapoandika haya mswada uko kizuizini, mwaka wa pili sasa.

Tuelewane hapa. Sizungumzii kufuta makala iliyokwisha kuchapishwa. Hilo lina kanuni zake na sababu zake. Nazungumzia mswada ambao haujachapishwa, ambao mwandishi wake hajasaini kuukabidhi kwa yeyote. Huo ni mali yake. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Ndio msingi wa sheria yetu ya mwaka 1999, na wa Mkataba wa Berne ambao Tanzania iliingia mwaka 1994. Kumpelekea mhariri mswada ni kumwomba ausome. Fundi cherehani akipelekewa kitambaa, akakaa nacho mwaka mzima bila kukigusa, je, mwenye kitambaa atozwe ada ya kukichukua?

Hila hii inafanikiwa kwa sababu ya kanuni iliyo njema kabisa. Majarida yenye heshima hayapokei mswada ulioko mikononi mwa jarida jingine, nayo yana haki, kwani hakuna anayetaka kuona makala moja imetokea mahali pawili. Mtafiti mwaminifu anaiheshimu kanuni hiyo. Tapeli naye anaijua. Anajua kwamba asipojibu barua ya kuuondoa, mwandishi mwaminifu hatathubutu kuupeleka kwingine. Asiye mwaminifu hasumbuki: ataupeleka majarida matatu kwa siku moja na kulala usingizi. Pingu hizi zimetengenezwa kwa kipimo cha mikono ya waadilifu tu.

Wala msomaji asidhani huu ni mzozo mdogo wa wahadhiri wa mikoani. Agosti 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya OMICS, yenye makao yake Hyderabad nchini India, pamoja na washirika wake. Mashtaka yalihusu kudanganya kwamba kazi zinapitiwa na wanataaluma, kuficha ada mpaka makala iwe imekubaliwa, na, hili ndilo letu, kuwazuia watafiti kuondoa miswada yao hata ikashindikana kuichapisha kwingine. Machi 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada iliamuru kampuni hiyo ilipe zaidi ya dola milioni 50.1. Angalieni ni chombo gani kilichokwenda mahakamani. Hakikuwa baraza la wanasayansi wala umoja wa maprofesa. Kilikuwa chombo cha kumlinda mlaji, kilekile kinachomshughulikia muuza dawa za kupunguza unene. Sisi nasi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani iliyoundwa chini yake, na sheria hiyo inakataza kumhadaa mteja. Je, ni chuo gani kimewahi kufikiria kuipelekea tume hiyo malalamiko ya namna hii?

Nawajua watakaonijibu. Watasema wapo waandishi wanaochezea majarida: wanapeleka mswada, wanasubiri maoni ya wapitiaji, wanayachukua bure, kisha wanauondoa na kuupeleka kwenye jarida kubwa zaidi. Ni kweli, wapo, na ni utovu wa adabu. Mimi mwenyewe ni mpitiaji, na najua uchungu wa kutoa Jumamosi tatu kwa kazi ya mtu halafu kuambiwa mwenyewe amekwisha kuondoka. Lakini Jumamosi zile zilikuwa zangu, na sikulipwa kwa ajili yake hata senti. Kama kuna hasara, aliyeipata ni mpitiaji. Kwa nini fidia iende kwa mwenye tovuti? Mwandishi mwenye tabia hiyo na akataliwe mlangoni akirudi. Hiyo ni adhabu ya kitaaluma kwa kosa la kitaaluma. Ankara ni jambo jingine.

Hata hivyo tapeli hana nguvu asizopewa na sisi. Aliyempa ni kamati ya kupandisha vyeo, inayohesabu makala kama karani anavyohesabu magunia ya kahawa ghalani, bila kulifungua hata moja. Mhadhiri kijana mwenye mkataba wa miaka miwili anajua kwamba makala mbovu iliyochapishwa itampa pointi, na mswada mzuri aliouondoa kwa heshima hautampa kitu. Mnategemea afanye nini? Ukanda huu wa kutoka Njiro kupitia Tengeru hadi Usa River una taasisi za elimu ya juu nyingi kuliko mikoa kadhaa ikiunganishwa. Kama zingekubaliana juu ya jambo hili moja tu, biashara hii ingekosa wateja.

Jambo lenyewe ni kwamba barua ya kuondoa mswada isiandikwe na mhadhiri msaidizi peke yake usiku kwenye simu yake. Iandikwe na chuo, kwa saini ya mwanasheria wa chuo, ikieleza kwamba baada ya siku kadhaa mswada utahesabiwa umeondolewa, na nakala ya barua hiyo ipelekwe kwa mhariri wa jarida linalofuata ili ajue ukweli. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 hawakumwacha kila mwenye boma aende kudai kivyake. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kwa niaba ya wote. Kura haikutosha, lakini dunia ilisikia, na serikali ya kikoloni haikupata tena raha ya kujidai kwamba hakuna aliyelalamika.

Majarida yetu ya nyumbani nayo yaandike waziwazi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba mwandishi ana haki ya kuuondoa mswada wake bure wakati wowote kabla ya kutia saini, na kwamba atajibiwa kwa muda maalumu. Sentensi mbili zinatosha.

Kamati yetu ya vyeo inakutana mwezi ujao. Kwa kila makala itakayoletwa mezani nitauliza ilipitiwa na wangapi, ilikubaliwa baada ya siku ngapi, na kama mwandishi aliwahi kujaribu kuiondoa akakataliwa. Wajumbe wenzangu wanaosoma hapa wajiandae. Kikao kitakuwa kirefu.