Ukinzani wa Globu na Jibu la Mwanafunzi

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha twalikuta mara kwa mara somo la umeme likiendeshwa kwa namna moja. Mwalimu mwanafunzi huandika ubaoni kwamba ukinzani ni volti kugawanya kwa ampea, na kwamba wati ni volti kuzidisha kwa ampea. Hufanya mfano mmoja, kisha hutoa mazoezi kumi. Hatusemi kwamba kanuni hizo ni mbaya. Twasema kwamba mtoto aliyezipokea hivyo amefanya zoezi la kugawanya na kuzidisha, mambo aliyokwisha kuyajua, na umeme wenyewe bado hajakutana nao.

Siku moja tulikaa nyuma ya darasa ambalo mwalimu wake alikuwa amejitahidi zaidi. Alileta betri mbili za tochi, globu ndogo ya mtindo wa zamani yenye waya ndani, iliyoandikwa 2.5 V na 0.3 A, pamoja na ammita na voltimita alizoazima katika shule ya sekondari ya jirani. Watoto wakapima kwa betri mbili: volti 2.5, ampea 0.30. Wakakokotoa wakapata omu 8.3 na wati 0.75. Hesabu ikaafikiana na maandishi ya globu, darasa likafurahi.

Kisha mwalimu akaondoa betri moja, akawataka wakisie kabla ya kupima. Wakasema: ikiwa ukinzani ni omu 8.3, na betri moja haizidi volti 1.5, basi mkondo hauwezi kuzidi ampea 0.18. Msichana mmoja akaitwa mbele. Voltimita ilionyesha 1.4, na ammita 0.22. Akagawanya, akapata omu 6.4. Mwalimu akamwambia kwamba amesoma vibaya, akafuta tarakimu zake, akaandika omu 8.3.

Msichana yule alikuwa amesoma sawasawa. Waya wa globu ni wa tungsteni, na ukinzani wa metali hiyo huongezeka kadiri inavyopata moto. Kwa betri mbili waya ulikuwa mweupe kwa joto. Kwa betri moja uliwaka wekundu hafifu, na kwa hiyo ukinzani wake ulikuwa mdogo. Tazama pia wati: 1.4 mara 0.22 ni kama 0.31, yaani chini ya nusu ya zile 0.75, ingawa betri zilipungua kwa nusu tu. Volti zilipopungua, ampea nazo zilipungua, na wati hutokana na zote mbili. Hayo yote yalikuwa mezani, yakafutwa kwa kifutio cha ubao.

Globu ya nyumbani ya aina hiyo yaonyesha jambo hili kwa ukubwa zaidi. Yenye wati 100 kwa volti 230 hupitisha ampea 0.43, yaani ukinzani wa omu 529 inapowaka. Ikiwa imezimwa na kupoa, ukinzani wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya huo. (Hesabu hii na ifanywe kwenye daftari tu. Umeme wa ukutani huua, na si wa kupimwa na watoto.)

Kanuni haikuvunjwa na yeyote. Georg Simon Ohm, ambaye jina lake limepewa kipimo cha ukinzani, alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Köln, Ujerumani. Alipoanza majaribio yake, betri za siku zile zilimsumbua, kwa kuwa nguvu yake ilishuka huku akipima. Hakuandika tarakimu alizozitaka. Alibadili chombo: mwaka 1826 alitumia shaba na bismuthi zilizounganishwa, kiungo kimoja kikiwa katika maji yachemkayo na kingine katika barafu, akapata chanzo kilichotulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Uwiano alioueleza wahitaji hali ya joto isibadilike, na sharti hilo ndilo linalosahauliwa ubaoni.

Basi mwalimu atakayefundisha somo hili na awe na vitu viwili, globu na kipande cha waya wa jiko la umeme lililoharibika. Waya huo, ukipitishiwa mkondo mdogo usioupasha moto, utatoa karibu omu zile zile kila mara, globu haitatoa. Watoto wapime vyote viwili kabla ya kuona kanuni yoyote, kisha waulizwe kwa nini. Shule isiyo na mita itumie macho: mwanga wa betri moja na wa mbili waufahamu wote.

Baada ya kipindi tuliliomba daftari la msichana yule. Jibu la 6.4 lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Tulizungumza na mwalimu kwa faragha, naye, kwa sifa yake, akakubali kuirudisha globu darasani kesho yake, na kumwita msichana yule yule apime tena mbele ya wenzake.