MTOTO WA LUGHA MBILI APIMWE KWA LUGHA ZOTE MBILI



Katika mikutano yetu twazungumza sana habari za mishahara, nyumba, likizo na malipo ya saa za ziada. Hayo ni mambo yetu na hatuwezi kuyaacha. Lakini liko jambo jingine linalokula mshahara wetu na kuwaumiza watoto wetu, nalo hatujaliweka mezani. Jambo hilo ni namna shule nyingi zinavyopima usemi wa mtoto mwenye lugha mbili au tatu, na hukumu inayotolewa baada ya kipimo hicho.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kuliko wengi. Tangu reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mpaka ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, na mpaka leo, kazi hii imekusanya watu wa kila kabila. Na mfanyakazi huhamishwa. Mwaka huu yuko Voi, mwaka ujao Nakuru, kisha Kisumu. Mtoto wake husema Kijaluo au Kikamba na mama yake, husema Kiswahili na watoto wa jirani, na shuleni huambiwa aseme Kiingereza. Mtoto huyo si maskini wa lugha. Ni tajiri, ila mali yake ameigawa. Lugha ya nyumbani ina maneno ya jikoni na ya shamba la nyanya yake. Lugha ya nje ina maneno ya mpira na ya dukani. Lugha ya darasani ndiyo kwanza inaanza kuota.

Sasa tazameni anavyopimwa. Mzazi amehamishwa, anampeleka mtoto shule mpya. Mtoto wa miaka saba anaingizwa ofisini peke yake mbele ya mtu asiyemjua. Anaulizwa kwa Kiingereza habari za shule yake ya zamani, anaonyeshwa picha ataje vitu vilivyomo. Mtoto ananyamaza, au anajibu neno moja moja. Dakika chache tu, kazi imekwisha. Mzazi aliyesimama nje anaambiwa, "Mtoto wako ni mzito, itafaa arudi darasa la chini." Kurudi darasa ni karo ya mwaka mzima, na sare, na vitabu. Na juu ya hayo, mtoto amesikia akiitwa mzito, na neno hilo hatalisahau upesi.

Sisi twasema hivi: pale ofisini akili ya mtoto haikupimwa. Hata usemi wake haukupimwa. Kilichopimwa ni Kiingereza chake cha asubuhi ile, akiwa na hofu, kisha matokeo yakaandikwa kana kwamba ndiye mtoto mzima.

Mwanachama aliyewahi kusimama penye mizani ya mabehewa ataelewa mara moja. Behewa lina magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukilisukuma mpaka yale ya mbele tu yakawa juu ya mizani, ukasoma namba, ukaiandika kuwa ndiyo uzito wa behewa zima, utaitwa ofisini kujieleza. Mzigo haukupungua. Ni wewe uliyepima nusu.

Hayo si maneno ya wazazi wenye uchungu tu. Huko Marekani, katika jimbo la California, jambo hili lilifika mahakamani katika kesi inayojulikana kwa jina la Diana. Watoto tisa wa asili ya Mexico, ambao nyumbani walisema Kihispania, walipewa mtihani wa akili kwa Kiingereza, wakatiwa katika madarasa ya watoto wenye akili pungufu. Walipopimwa tena na mtu aliyejua lugha zote mbili, alama zao zilipanda, na wengi wao wakaonekana hawakustahili kabisa kuwekwa mahali pale. Wazazi wao hawakuwa watu wakubwa. Walitetewa na mawakili wa kuwasaidia watu maskini wa mashambani. Mwaka 1970 pande zote zilipatana kwamba mtoto ambaye lugha ya kwao si Kiingereza apimwe kwa lugha ya kwao pia. Basi kama watu maskini wa kule waliweza kusimama pamoja wakasikilizwa, sisi tunashindwa na nini?

Wengine watauliza, je, hakuna watoto wenye shida ya kweli ya kusema? Wako. Na kwa ajili yao hasa twataka kipimo kilicho sawa. Maana shida ya kweli ya usemi haichagui lugha. Mtoto mwenye shida hiyo ataonekana nayo kwa lugha ya mama yake, na kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza. Lakini mtoto anayesimulia vizuri nyumbani, anayebishana na ndugu zake na kuleta habari za mtaa mzima, kisha akawa bubu mbele ya Kiingereza, huyo hana ugonjwa wowote. Ana lugha mpya tu. Shule isiyosikiliza lugha ya nyumbani haiwezi kuwatenganisha watoto hawa wawili. Itamwita mgonjwa yule aliye mzima. Na yule mwenye shida itamwambia mama yake, "Ngoja, atazoea Kiingereza," na huku pengine masikio yake hayasikii sawasawa na miaka inapita. Mtoto kama huyo apimwe masikio kwanza, tena apelekwe kwenye kituo cha EARC, vile vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Wazazi wengi hawajui kwamba viko.

Yako pia makosa madogo madogo ambayo wapimaji hufanya, nayo huharibu hesabu yote.

La kwanza ni matamshi. Kijaluo hakina sauti ile ya mwanzo wa neno "shamba", kwa hiyo mtoto husema "samba". Mtoto wa Kikuyu huenda akachanganya "l" na "r". Sisi watu wazima twataniana kwa mambo hayo karakanani na hakuna anayeumia. Lakini kumpunguzia mtoto alama kwa hayo ni kumwadhibu kwa sauti ya mama yake.

La pili ni maneno kama yale ya Kiingereza yanayotenga mwanamume na mwanamke. Kiswahili husema "yeye" kwa wote wawili, na Kijaluo, Kikuyu na Kikamba hufanya vivyo hivyo. Mtoto akimtaja mama yake kwa neno la mwanamume, hajakosa akili. Anafuata sheria ya lugha anayoijua zaidi.

La tatu ni kuchanganya lugha. Mtoto akianza kwa Kiswahili na kumaliza kwa Kiingereza, watu husema amechanganyikiwa. Sivyo. Anachukua neno lililo karibu. Sisi wenyewe kazini twafanya hivyo tangu asubuhi mpaka jioni na treni zinafika.

La nne ni kunyamaza. Mtoto aliyetiwa katika lugha ngeni huweza kukaa kimya kwa wiki nyingi, hata miezi, akisikiliza tu. Ukimya huo ni kazi ya kujifunza.

La tano ni kinyume cha hayo. Yuko mtoto anayesema Kiingereza cha televisheni upesi upesi, na mpimaji akafurahi akasema huyu hana haja ya msaada. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alionya mwaka 1979 kwamba lugha ya mazungumzo ni kitu kimoja na lugha ya masomo ni kitu kingine. Uchunguzi wa watoto wahamiaji kule Kanada ulionyesha kwamba lugha ya mazungumzo huja kwa miaka kama 2, lakini lugha ya vitabu huchukua miaka 5 mpaka 7 kumfikisha mtoto pale walipo wenzake. Basi mtoto anayepiga domo vizuri uwanjani huenda bado haelewi swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno.

Tusidhani kwamba twaomba kitu kipya. Kamati ya Gachathi mwaka 1976 ilishauri watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pale katika madarasa matatu ya kwanza, na mpango huo umo katika mtaala mpaka leo. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imeiagiza Serikali kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza shule ya serikali kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kujua darasa linalomfaa. Wanachama shikeni neno hilo. Kumfungia mtoto mlango wa shule ya serikali kwa sababu ya mtihani ni kinyume cha sheria. Na huo wa kumwekea darasa, kwa kuwa umeruhusiwa, ni lazima uwe wa haki.

Shida ni kwamba nchi yetu haijazoea kupima kusema. Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka 1985 mpaka 2023, haukumsikiliza mtoto akisema hata neno moja. Hata katika KCSE, ile sehemu ya Kiingereza inayoitwa ya ufundi wa kusema hujibiwa kwa kalamu na karatasi. Mwalimu aliyelelewa katika mitihani hiyo atapimaje kusema, naye hajaona kukipimwa?

Kwa hiyo hatuwalaumu walimu. Walimu ni wafanyakazi kama sisi, na chama chao cha KNUT ni cha tangu mwaka 1957. Wana watoto wengi na saa chache. Wala hatukipingi Kiingereza. Twataka watoto wetu wakijue barabara, maana wako mafundi miongoni mwetu wanaoijua injini kwa mikono yao yote miwili, ambao kupanda cheo kumewashinda chumbani kwa sababu ya Kiingereza. Lakini mtu hawezi kufundishwa vizuri lugha ya pili na yule ambaye hajui kwamba anayo ya kwanza.

Twataka mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

Moja, kabla mtoto hajaulizwa neno, mzazi aulizwe: nyumbani mwasema lugha gani, na nani, na mtoto alianza kusikia Kiingereza lini.

Mbili, mtoto apewe picha zinazofuatana, asimulie hadithi yake. Siku moja asimulie kwa lugha aijuayo zaidi, siku nyingine kwa Kiingereza. Mpimaji asikilize kama hadithi ina mtu, ina shida, ina mwisho. Kama mwalimu haijui lugha ya mtoto, atafutwe mwalimu mwingine au mtu mzima anayeijua, asiye mzazi wake.

Tatu, maneno ya mtoto yahesabiwe kwa lugha zote pamoja. Akijua "sufuria" kwa Kiswahili na "rula" kwa Kiingereza, hayo ni mambo mawili ayajuayo, si nusu na nusu. Wachunguzi wa mji wa Miami walionyesha mwaka 1993 kwamba watoto wadogo wa lugha mbili wakihesabiwa hivyo hawako nyuma ya wenzao wa lugha moja.

Nne, asihukumiwe kwa siku moja. Asikilizwe darasani na uwanjani kwa majuma kadhaa.

Tano, matokeo yaandikwe kwa jina lake la kweli. Kama Kiingereza chake bado ni kichanga, iandikwe hivyo. Neno "mzito" lisiandikwe.

Nasi wazazi tuna kazi yetu. Tukiambiwa tuache kusema lugha yetu nyumbani ili mtoto apate Kiingereza, tusikubali. Mtoto anayesikia Kiingereza kibovu cha baba aliyechoka, na kunyimwa hadithi nzuri za nyanya yake, amepoteza pande zote mbili. Tuseme naye sana, kwa lugha tunayoijua vizuri. Na siku ya kumpeleka shule mpya tusisimame nje kimya. Tuingie, tuseme lugha zake, tuombe asikilizwe kwa zote.

Basi twaomba kila tawi liliweke jambo hili katika mkutano wake ujao, na katibu wa tawi aandike barua kwa shule zilizo karibu na stesheni yake akitaja mambo hayo matano. Mwanachama ambaye mtoto wake amerudishwa darasa au kukataliwa kwa mtihani wa namna hii alete habari zake kwa katibu, pamoja na karatasi aliyopewa na shule. Tukienda mmoja mmoja tutaambiwa ni uchungu wa mzazi. Tukienda pamoja, tukiwa na karatasi mkononi, itabidi watusikilize.

Ni sisi, wazazi wafanyakazi wa reli.