Kazi ya mikono: tuanze na kinywa cha mtoto



Juma tatu zilizopita tulipata aibu, na tumeona heri tuiandike hapa wenyewe kuliko mwisikie njiani. Mama mmoja wa hapa Bukavu alinunua kwetu pupe ya kroshe, ile ya mama aliyevaa kikwembe na kubeba mtoto mgongoni, akampa mjukuu wake wa miezi 11. Kesho yake asubuhi aliona jicho moja la pupe halipo. Jicho hilo lilikuwa kifungo cheusi cha shati. Walikikuta ndani ya kinywa cha mtoto, shavuni, na mtoto anacheka. Bibi hakutukana. Alikuja akaweka pupe juu ya meza yetu, na kifungo kando yake, akakaa.

Tulifungua daftari ya mauzo. Pupe 14 zilikuwa zimetoka mikononi mwetu zikiwa na macho ya vifungo. Tumekwisha kurudishiwa 11. Tatu zilinunuliwa na watu waliokuwa wakipanda boti kwenda Goma, na hatuna namna ya kuwafikia isipokuwa kwa gazeti hili na kwa midomo yenu.

Kosa letu lilikuwa moja: tulichagua vitu kwa jicho la mnunuzi. Kifungo kinang'aa, pupe inapendeza, inauzwa haraka. Lakini mwenye pupe si mnunuzi. Mwenye pupe ni yule atakayeinyonya, kuivuta nywele na kuilalia. Basi sasa kila kitu kinachoingia katika pupe tunakiuliza kwanza: kikifika kinywani, itakuwaje?

Katika Ulaya na Marekani, vitu vya kuchezea vya watoto chini ya miaka 3 hupimwa kwa mrija mdogo wenye upana wa milimita 32 hivi. Kipande kinachoingia chote ndani ya mrija ule kinakataliwa, kwa kuwa kinaweza kuziba koo. Sisi nyumbani tunatumia ule mviringo wa katoni unaobaki karatasi ya choo ikiisha. Ni mpana kidogo kuliko mrija wao, na hiyo ni nzuri, maana unakataa vitu vingi zaidi. Kifungo, ushanga, kengele ndogo, vyote vinapita. Kwa hiyo mtoto ambaye hajatimiza miaka 3, pupe yake tunaidarizi macho kwa uzi mweusi. Kuna pia macho ya plastiki yenye kibano cha kufungia kwa nyuma, yametengenezwa kwa kazi hii hasa. Nayo tunawawekea wakubwa tu, kwa sababu kazi ya kroshe inanyumbuka na mtoto akivuta sana tundu linapanuka.

Sasa uzi. Hapa ndipo pesa yetu nyingi inakwenda, na hapa ndipo wauzaji wanatudanganya, wengine bila kujua. Uzi ukikosa karatasi yake, muuzaji wa Kadutu atakuambia ni pamba tu. Omba kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano, kiwashe juu ya sahani ya bati. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha majivu laini. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, na moto wake unajizima. Akriliki inayeyuka, inakunjamana na kuacha tone jeusi gumu. Hakuna haja ya kugombana na muuzaji, mwonyeshe sahani.

Kwa mtoto mchanga tunachagua pamba. Inavumilia maji ya moto na sabuni, haitoi manyoya, na umbo linakaa. Ubaya wake ni bei, na pia inakawia kukauka. Akriliki ni rahisi, nyepesi, ina rangi nyingi, na hatuikatai kwa pupe za watoto wakubwa au za kupamba nyumba. Lakini mnajua nyumba zetu: mbabula iko karibu na mahali mtoto anachezea, na uzi unaoyeyuka unashika ngozi. Sufu ya kweli ukiifua kwa maji ya moto inarudi ndogo. Nyuzi za manyoya marefu tumeziacha kabisa, hata kama zinafanya nywele nzuri. Unyoya mmoja ukizunguka kidole cha mtoto mchanga unaweza kukaza mpaka damu isipite, na mama haoni anacholilia mtoto. Nywele za pupe tunazifuma zishikamane na kichwa.

Rangi ya ngozi imetusumbua kuliko yote. Dukani uzi mweupe na wa waridi umejaa, ila kahawia ya watoto wetu inapatikana mara moja kwa miezi. Tumejaribu kuchemsha uzi mweupe wa pamba katika majani ya chai, chai nzito sana, na kuuacha humo usiku mzima. Unatoka kahawia nyepesi yenye kupendeza. Akriliki haishiki chai, msiharibu sukari ya wageni bure. Chovya uzi wote wa pupe moja katika sufuria moja. Tulipochovya mara mbili, mikono ilitoka ya mtu mwingine. Hata uzi wa dukani una shida hiyo. Kwenye karatasi yake, pembeni mwa namba ya rangi, kuna namba nyingine yenye neno la Kifaransa bain. Vibonge viwe na namba moja, la sivyo utaona tofauti juani. Pupe ya sentimita 25 inakula kama gramu 100, basi nunua vya kutosha siku ileile.

Uzi mwekundu na wa buluu nzito, kabla ya kufuma, uloweshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha uukamue ndani ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata rangi, rangi hiyo itakwenda ulimini.

Kroshe iwe ndogo kuliko ile karatasi ya uzi inavyosema. Ikisema 4, sisi tunashika 3 au 2 na nusu. Vidole vinauma, tunakubali, ila fundo linakaza na kilicho ndani hakitoki. Ukimaliza mguu, weka kidole ndani, uuinue dirishani. Ukiona mwanga unapita kati ya mafundo, fumua.

Ndani tunajaza poliesta ya mto mpya wa kulalia. Mto mmoja unajaza pupe kadhaa. Inafuliwa, inakauka. Vipande vya sponji ya matela vinakunywa maji, na katika mvua zetu za Septemba mpaka Mei pupe inanuka kabla ya kukauka. Vitambaa vinafanya mabonge. Maharagwe na mchele vinaleta wadudu, na mshono ukifumuka ni vifungo vilevile vimerudi. Mfuko wa plastiki, hata kipande, hapana.

Mnauliza bei. Imepanda, kwa kuwa pamba ni ghali na kudarizi macho kunakula karibu saa nzima. Pesa za zile pupe 11 tulizitoa katika mfuko wa likelemba, na mwekahazina wetu bado anatuangalia vibaya.

Alhamisi, baada ya mkutano, tutafumua triko za zamani za pamba ili tupate uzi. Mwenye nayo alete, hata yenye kiwiko kilichotoboka. Na ukiwa na ndugu Goma, mwambie aangalie pupe ya mtoto wake: ikiwa ni mama mwenye kikwembe cha njano, na macho yake ni vifungo vyeusi vya matundu manne, ni yetu. Akate vile vifungo leo, asingoje. Macho mapya tutamdarizia bure.