Kufilisiwa Nako Kumekuwa Haki ya Mwenye Mali

Sheria ya Ufilisi ya Afrika Kusini, Namba 24 ya mwaka 1936, ilipitishwa na Bunge lile lile ambalo mwaka huo huo liliwafuta wapiga kura Waafrika wa Jimbo la Cape katika daftari la pamoja. Utawala wa makaburu ulikoma mwaka 1994. Sheria hii imebaki, na bado inamuuliza kila mdaiwa swali moja: una nini cha kuwagawia wanaokudai?

Mdai anayetaka mali ya mdaiwa wake iwekwe mikononi mwa mfilisi hupeleka maombi Mahakama Kuu. Deni lenyewe si lazima liwe kubwa. Sheria ilitaja pauni 50. Nchi ilipoanza kutumia randi mwaka 1961, pauni hizo zikawa randi 100, na kiwango hicho hakijapandishwa, ingawa leo fedha hizo hazimlipi wakili hata kwa barua moja. Kazi ni katika kuthibitisha. Mdai hutakiwa kuonyesha kwamba anadai kweli; kwamba mdaiwa amefilisika, au ametenda jambo ambalo sheria hulihesabu kuwa dalili ya kufilisika, kama vile dalali wa mahakama kufika nyumbani kwake asikute mali ya kutosha, au yeye mwenyewe kuandika barua kuwa hawezi kulipa; na kwamba kuna sababu ya kuamini kuwa ufilisi huo utawafaa wadai. Jaji akiridhika hutoa kwanza amri ya muda, na mdaiwa huitwa aeleze kwa nini isifanywe ya mwisho.

Ubaya wote umo katika sharti hilo la tatu. Aliyefilisiwa hupata taabu nyingi: mali yake humtoka, haruhusiwi kuwa mbunge wala mkurugenzi wa kampuni. Lakini ana mlango wa kutokea. Anaweza kuiomba mahakama imrudishie hadhi yake, na hata asipoomba, baada ya miaka 10 hurudishiwa kwa nguvu ya sheria, isipokuwa mahakama iamue vinginevyo; na madeni yake ya zamani hufutika. Sasa mchukue mwalimu wa Soweto ambaye hana nyumba wala gari, mshahara wake wote umo katika mikopo. Hana cha kugawanywa, kwa hiyo wadai hawafaidiki, kwa hiyo hafilisiki kisheria. Atadaiwa mpaka uzeeni. Umaskini wake ndio unaomnyima nafuu ya maskini!

Si ajabu basi kwamba watu wamebuni ujanja. Ndugu au rafiki hujitokeza kuwa mdai, mdaiwa humwandikia barua ya kukiri kuwa hawezi kulipa, na barua hiyo hiyo hupelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Majaji wameshtuka na huyachunguza maombi ya namna hiyo kwa jicho kali. Wana haki ya kufanya hivyo, kwani mdai halisi huumia. Lakini mlango wa mbele ukifungwa, watu watapita dirishani.

Mdai naye hana raha kamili. Lazima aweke dhamana ya gharama za mwanzo, na mali ikiuzwa isitoshe gharama za ufilisi, yeye na wadai wenzake huchangishwa. Aliyekwenda kudai huweza kurudi akidaiwa.

Na yupo mwingine ambaye hakukopa wala kukopesha: mke, au mume, wa muflisi. Mali yake binafsi nayo huchukuliwa, na ni juu yake kuthibitisha kwamba ni yake ndipo aachiwe. Mahakama ya Katiba iliulizwa juu ya kifungu hicho mwaka 1997, na majaji walio wengi wakasema hakivunji Katiba. Waliopinga ndio waliokuwa karibu zaidi na maisha ya mwanamke aliyenunua cherehani kwa jasho lake.

Agosti 2019 Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya mikopo, yaliyowalenga wenye kipato kisichozidi randi 7,500 kwa mwezi na madeni yasiyo na rehani yasiyozidi randi 50,000. Kuanza kutumika kwake kuliachwa kungoje tangazo la Rais. Hata hivyo, hayo ni marekebisho ya sheria nyingine. Sharti la faida kwa wadai, katika sheria ya mwaka 1936, halikuguswa.