Godoro la sufi limekwenda wapi?

Mhariri,

Mwezi uliopita nilizunguka maduka hapa Tanga nikiulizia godoro la sufi. Kote nilionyeshwa sponji tu, za kila unene. Sponji hizo ni poliurethani, zao la mafuta ya petroli: haziozi, na ukizichoma moshi wake ni sumu. Langu lilibonyea katikati, nikalitupa. Vipande vyake vimeziba mtaro nyuma ya nyumba, na naona uchungu kila mvua inyeshapo.

Marehemu mama alilalia godoro moja la sufi miaka na miaka. Likishikamana, alifumua mshono wa ubavuni, akaanika sufi juu ya mkeka, akaichambua kwa vidole na kutoa mbegu nyeusi zilizobaki, kisha akaishindilia upya na kushona kwa shazia. Usiku ule chumba kizima kilinukia jua. Na msufi haukatwi. Huchumwa matunda yake tu. Apendaye godoro gumu, usumba wa makumbi ya nazi upo, tena pwani hii tunautupa.

Naomba gazeti lako lituandikie mafundi wa magodoro ya sufi waliobaki wanapatikana wapi.

Msomaji wenu,
Tanga