Motokaa Mbili za Kale: Ipi Yastahili Heshima Zaidi?



Tukizungumza habari za motokaa za kale, wenzangu wengi huisifu Volkswagen, ile yenye mgongo kama wa kobe. Mimi nasema Ford Model T yastahili heshima kubwa zaidi. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza niitendee haki Volkswagen. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo, hata dereva hahangaiki kutafuta maji njiani. Katika mashindano ya Safari ilishinda mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, na njia zetu za matope mnazijua. Mwaka 1972 iliipita Ford ile kwa idadi, na ilipokoma kuundwa huko Mexico mwaka 2003, zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 21.

Ford ilitoka mwaka 1908, nayo ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Zamani zile iliwashwa kwa kuzungusha hendeli, na hendeli ikirudi kwa ghafula iliweza kumvunja mtu mkono. Petroli ilishuka yenyewe kutoka katika tangi, bila pampu. Kwa hiyo tangi likikaribia kuisha, dereva alipanda mlima mkali kinyumenyume!

Lakini tazameni jinsi ilivyoundwa. Mwaka 1913 Henry Ford alianza kuyapitisha magari mbele ya mafundi, kila mmoja akifanya kazi yake moja. Kazi ya kuunga chasisi, iliyochukua zaidi ya saa 12, ikawa ya saa moja na nusu hivi. Bei ilianzia dola 850. Katika miaka ya 1920 ikashuka chini ya dola 300. Tena tangu mwaka 1914 mafundi wake wengi walipata dola 5 kwa siku. Basi mkulima aliinunua, na fundi aliyeiunda aliweza kuinunua pia.

Volkswagen maana yake ni motokaa ya watu. Walakini, tangu mwaka 1938 serikali ya Hitler iliwauzia Wajerumani stempu za akiba ili wapate gari hilo. Watu zaidi ya laki tatu walinunua stempu, na vita vilikwisha bila hata mmoja wao kupewa gari. Kiwanda kiligeuzwa kuwa cha vita, kwa jasho la watu waliolazimishwa. Ahadi ni deni, na deni lile halikulipwa kwa wakati wake.

Mtasema kosa ni la watawala, si la gari. Ni kweli, chuma hakina dhambi. Lakini chombo hakipimwi kwa mwendo tu. Hupimwa pia kwa hali ya yule aliyekiunda.

Mwaka 2011 watu wa Makerere walionyesha motokaa yao ya umeme, Kiira EV. Basi wengine wetu hapa tutakuwa mainjinia. Siku hiyo tujiulize: Je, mwalimu wa kijijini ataweza kuinunua? Na aliyekaza nati zake, je, amelipwa?

Asiyekubaliana nami na aandike jibu katika gazeti hili. Nitalisoma kwa furaha.